Mtu wa Chini ya Gogo

Kampuni haikuwahi kumwita Mushagalusa Alphonse fundi, na hata leo nikikumbuka damu inanichemka. Mimi ni Benoît, seremala. Miaka ile ya hamsini meza yangu ilikuwa chini ya paa la mabati katika kiwanja cha mbao cha kampuni moja ya ujenzi, hapo Bukavu, karibu na ziwa. Kila ubao uliotoka kwa wapasuaji ulipita mikononi mwangu kabla haujawa mlango au dirisha katika nyumba za wazungu. Kwa hiyo ninayosema juu ya mbao nayajua, na ninayosema juu ya watu niliyaona kwa macho.

Wakati ule bado tulipasua kwa mikono. Gogo linalazwa juu ya kichanja kirefu kuliko mtu. Msumeno una mipini miwili. Mmoja anasimama juu ya gogo, anainua msumeno na kufuata mstari uliochapwa kwa kamba ya mkaa. Mwenzake anasimama chini, anavuta. Meno yanakata msumeno unaposhuka, kwa hiyo nguvu ni ya mtu wa chini na jicho ni la mtu wa juu. Unga wote wa mti unamwagikia wa chini machoni, puani na shingoni. Na huko chini hakuna mstari, mstari uko mikononi mwake. Akipinda mkono kidogo tu, juu utaona msumeno umefuata mkaa vizuri kabisa, lakini ukigeuza ubao utakuta upande wa chini umeshika njia yake.

Mushagalusa alikuwa Mushi, kabila la wafuga ng'ombe, wa kijiji cha Miti, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Mwenzake aliitwa Honoré, Mrega, kabila la watu wa msituni, kutoka Mwenga, mdogo wake kwa miaka michache, mwenye mdomo mwepesi kama nini. Walifika mjini mwaka mmoja, wakapangwa kwenye msumeno mmoja, wakapanga vyumba katika ua mmoja kule Kadutu. Mushagalusa alipopata binti, Virginie, Honoré ndiye aliyemsimamia kwenye ubatizo. Honoré alimwita mwenzake yaya, kama unavyomwita kaka yako. Tuliwatania kila siku. Tulimwambia Honoré kwamba siku moja Mushi huyu atamlisha maziwa mpaka asahau msitu wao, naye alijibu kwamba ng'ombe wa Miti walikuwa na akili kuliko sisi maseremala.

Walikuwa na desturi yao. Leo Mushagalusa akiwa juu, kesho yuko chini. Hakuna aliyewaamuru. Walisema macho ya mtu mmoja hayawezi kula unga kila siku, na mgongo wa mtu mmoja hauwezi kuinama kila siku. Jozi nyingine zilibadilishana pia, lakini ovyo, kwa kugombana. Hawa wawili walibadilishana kama watu wanaopokezana mtoto. Mbao zao nilizijua hata bila kuambiwa. Nilipopiga randa mara mbili tu, kazi ilikwisha.

Mshahara haukuwa mnono, nisiwadanganye. Tulilipwa kwa mwezi, na kila Jumamosi tulipata posho ya unga, maharagwe, chumvi na mafuta ya mawese. Kila mpasuaji alipata sawa na mwenzake. Wavivu walikuwepo, na kapita wetu Adalbert, msimamizi wa wapasuaji, alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Lakini mtu akiugua homa, wenzake walivuta zaidi ili gogo lake lisilale, na hakuna aliyeuliza nani atalipwa nini. Hatukuona kama ni jambo la kusifiwa. Ndivyo kazi ilivyokuwa.

Kisha akaja mzungu mpya wa kusimamia kiwanja. Tulimbatiza Bwana Kipimo, kwa sababu alitembea na mita mfukoni na saa mkononi, akipima hata muda tunaotumia kujisaidia. Hakuwa mkali. Natamani angekuwa mkali, tungejua la kumfanya. Alikuwa mpole, mwenye salamu, aliyeamini kabisa kwamba amekuja kutusaidia. Alisema mshahara wa mwezi unawafanya watu walale. Mtu lazima aone faida ya jasho lake. Kwa hiyo kuanzia sasa kutakuwa na prime, yaani nyongeza kwa kila ubao mzuri, na prime hiyo ni ya fundi. Msaidizi wake ataendelea na mshahara wake wa mwezi kama kawaida. Adalbert alitutafsiria maelezo yake: fundi anatumia akili, msaidizi anatumia mkono. Akili inalipwa kwa ubao, mkono unalipwa kwa mwezi.

Siku ya kuandika majina nilikuwa pale, nimebeba mbao. Wapasuaji walipangwa wawili wawili mbele ya meza yake.

"Nani iko fundi, nani iko musaidizi?" aliuliza kila jozi.

Jozi ya kwanza karibu washikane mashati. Hawa wetu walisogea mbele wakicheka. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Kwetu mtu aliyelelewa hajitaji mwenyewe. Ukiulizwa mbele ya mkubwa nani anaweza kazi, unamtaja mwenzako. Mwenzako anakataa, anakutaja wewe. Unakataa tena. Mkubwa anasikia, anatabasamu, anajua kwamba wote wawili mnaweza, kisha anaamua kwa heshima ya wote. Tunafanya hivyo kwenye mahari, tunafanya hivyo mbele ya mwami, chifu wetu, tunafanya hivyo hata tukigombea kiti kimoja nyumbani kwa mtu.

Mushagalusa akasema, "Fundi njo huyu, Honoré. Miye niko namusaidia tu."

Akainamisha macho, akasubiri zamu ya mwenzake. Honoré akafungua mdomo. Lakini Bwana Kipimo alikuwa ameshaandika.

"Bien. Honoré, fundi. Alphonse, musaidizi. Wengine!"

Yule mzungu sina la kumlaumu hapo. Aliuliza, akajibiwa, akaandika. Kwao labda mtu anayesema "mimi ni msaidizi" huwa ni msaidizi kweli. Ila Honoré alikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Angesema, "Hapana, Bwana, huyu njo mukubwa wangu," na mambo yangeanza upya. Nilikuwa namtazama. Mdomo ulibaki wazi, ukafungwa, jozi nyingine ikasogea.

Walipotoka pale Honoré alimpiga mwenzake begani. "Yaya, umenipatia cheo bila hata mbuzi!"

"Tutagawanya," Mushagalusa akasema.

"Nusu kwa nusu. Nani anaweza kula peke yake?"

Na kweli waligawana. Miezi ya kwanza nilimwona Honoré kila siku ya malipo akitoka dirishani kwa karani na kumtafuta mwenzake kabla hata ya kuvaa kofia. Waliendelea kubadilishana pia, leo huyu juu, kesho yule. Mpaka siku moja Bwana Kipimo alipopita akamkuta Mushagalusa amesimama juu ya gogo. Hakukasirika. Aliwaita wote wawili, akamwita na Adalbert, akauliza kwa upole: leo wewe juu, kesho yeye juu, je, prime ni ya nani?

"Yetu ba wawili, Bwana," Honoré akajibu.

Mzungu akacheka, kicheko cha mtu anayemfundisha mtoto. Alisema prime ya watu wawili si prime, ni mshahara. Mtu hawezi kukimbia akijua mwenzake atashika nusu ya kikombe. Akaamuru fundi abaki juu na msaidizi abaki chini, kila siku. Tangu siku hiyo Mushagalusa hakupanda tena kichanjani.

Wengine wote wa chini walianza kukunja nyuso. Mimi nilizipokea mbao zao, naweza kusema. Mtu wa juu alitaka haraka, kwa kuwa kila ubao ulikuwa wa mfuko wake. Mtu wa chini alivuta kwa mwendo wa mshahara wa mwezi. Wa juu alipiga kelele, wa chini alikohoa, alikwenda kunywa maji, alitoa uchafu jichoni, alirudi, akavuta mara tatu, akakohoa tena. Mtu akiugua, gogo lake lililala. Mbao zikapungua. Bwana Kipimo alishangaa kwa dhati. Alikuna kichwa, akapima upya, kisha akaongeza prime ya watu wa juu. Watu wa chini walicheka siku ile mpaka machozi yakawatoka, halafu hawakucheka tena.

Msumeno wa Mushagalusa tu ndio uliendelea kutoa mbao kama zamani. Yeye alivuta vilevile. Nilimwuliza kwa nini anajichosha. Akaniambia nusu yake inakuja, na hata kama isingekuja, mkono wake haujui kuvuta namna nyingine. Nilimwona mjinga kidogo. Nilimpenda lakini nilimwona mjinga.

Mwaka uliofuata kampuni ikapata nyumba chache katika mtaa mpya wa Bagira. Nyumba za matofali, sakafu ya saruji, vyumba viwili, bomba la maji karibu. Kadutu tulikuwa tunaishi kwenye mteremko, na mvua ikinyesha tope liliingia mlangoni bila kubisha. Bwana Kipimo alitangaza kwamba nyumba ni za mafundi wenye prime nzuri. Prime nzuri kuliko zote ilikuwa ya Honoré. Ilitoka kwenye mikono minne, lakini kwenye hesabu za karani mikono miwili haikuwepo.

Fedha unaweza kuigawa. Nyumba utaigawaje? Honoré alihama na mkewe Euphrasie na watoto wao. Mushagalusa alimbebea kitanda kichwani kutoka Kadutu mpaka Bagira, njia yote ile ya kuzunguka, jasho likimtiririka. Adolphine, mke wa Mushagalusa, alibeba sufuria za mwenzake. Aliporudi alikaa mlangoni pake akitazama ule mteremko, akaniambia, "Papa Benoît, kule mutu anafagia nyumba na inabakia safi."

Baada ya hapo nusu ikawa theluthi. Kodi ya nyumba ilikatwa, Euphrasie alitaka viti, watoto walitakiwa viatu vya shule. Kisha theluthi ikawa "mwezi kesho, yaya, utanisamehe." Mushagalusa alisamehe. Hakudai hata siku moja, na mimi nilikasirika kwa niaba yake mpaka nikakosa usingizi. Honoré hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyeanza kuamini kile ambacho kila siku ya malipo kiliandikwa mbele ya jina lake. Nilimsikia siku moja akimwelezea mgeni kazi ya kupasua mbao. Alieleza habari ya jicho, habari ya mstari, habari ya akili. Habari ya mtu wa chini hakuitaja.

Na macho ya Mushagalusa yakaanza kuharibika. Kila siku unga wa muvula, mti ule mkali, ulimwingia. Asubuhi kope zilishikana, Adolphine akazifungua kwa maji ya uvuguvugu. Sista wa dispensari alimwambia wazi kwamba akiendelea kukaa chini ya gogo atapofuka, si leo wala kesho, lakini atapofuka. Alirudi kazini siku hiyo hiyo. Angeenda wapi? Kule Miti shamba lilikuwa la kaka zake, na mjini mtu bila kazi alirudishwa kijijini.

Hapo ndipo Bwana Kipimo alipopata wazo lake la mwisho. Aliona watu wa chini hawana tamaa, akataka kuwapa tamaa. Akatangaza mtihani. Mtu yeyote wa chini anaweza kuomba kupanda juu ya gogo mbele yake na kupasua ubao mmoja. Ukitoka umenyooka, anakuwa fundi. Lakini idadi ya mafundi haiongezeki, kwa hiyo atachukua nafasi ya fundi wake, na prime yake, na nyumba yake. Fundi wake atashuka chini. Na siku ya mtihani, kwa kuwa hakuna watu wa ziada, yule fundi ndiye atakayevuta chini. Mtu aliyesoma, mwenye saa, alipanga hivyo na akajipongeza. Hakuona tatizo, kwa kuwa kwa hesabu yake mtu wa chini ni mkono tu, na mkono ni mkono.

Mushagalusa hakwenda kuomba mtihani kimya kimya. Alikwenda kwanza Bagira, Jumapili baada ya misa, akaniomba nimsindikize kwa sababu maneno mengi yalimshinda. Euphrasie alikuwa anasonga bugali. Tulikaa kwenye viti vile vipya.

"Honoré," Mushagalusa akasema, "macho yangu inaisha. Sista amesema. Nataka nifanye ile examen. Lakini haiko kwa kukunyanganya. Nitabakia juu miezi sita, kisha nitakupandisha tena, tutaenda vile. Kama zamani."

"Na nyumba?" Euphrasie akauliza bila kugeuka.

"Nyumba iko na vyumba mbili," Mushagalusa akasema. "Siye tulikaa ua moja miaka mingi. Tutaenea."

Honoré akasogeza kiti chake karibu. Kisha akamshika mkono mwenzake kwa mikono yote miwili. "Yaya, macho yako iko macho yangu. Fanya examen. Nitakuvutia vizuri, hata weye mwenyewe utashangaa."

Tulikula pale. Njiani kurudi Mushagalusa aliimba, mtu yule ambaye hata kanisani huwa anafungua mdomo nusu. Aliniambia Adolphine atafagia na itabaki safi. Mimi nilimwamini Honoré pia, na hilo linaniuma zaidi.

Siku ya mtihani kiwanja kizima kilisimama. Mushagalusa alipanda. Alikuwa amenawa macho mara nyingi asubuhi ile, na alisimama juu ya gogo kama mtu aliyerudi kwao. Honoré alivua shati, akaingia chini, akashika mpini. Bwana Kipimo akatazama saa yake. Wakaanza.

Mwanzo ulikuwa kama zamani kabisa. Msumeno uliimba sauti ileile ya zamani, na baadhi yetu tulianza kutabasamu. Kufika katikati ya gogo nilimwona Mushagalusa anakunja uso.

"Nyoosha!" akaita kuelekea chini.

"Niko nanyoosha, yaya."

Wakaendelea. Mstari wa juu ulifuatwa, mkaa ulikatwa katikati kama kwa wembe. Lakini mtu wa juu anasikia kwenye mpini kile ambacho macho hayaoni.

"Honoré. Nyoosha, ndugu yangu."

Mpini ukavutwa tena kutoka chini. Mushagalusa angeweza kusimamisha msumeno. Hakusimamisha. Alipasua mpaka mwisho, polepole, huku akijua.

Ubao ukashushwa. Juu ulikuwa umenyooka kama ukingo wa meza. Bwana Kipimo akaugeuza, akaweka mita yake. Upande wa chini ulikuwa umekimbia vidole viwili. Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Mimi sikuweza kuvumilia. Nilitoka mezani pangu nikamwambia Adalbert amwambie mzungu kwamba upande wa chini haupindwi na mtu wa juu, amwulize aliyekuwa chini. Adalbert alisita, kisha akatafsiri.

Bwana Kipimo alinijibu yeye mwenyewe, kwa Kiswahili chake, bila hasira. "Hapana, Benoît. Mutu ya chini anavuta tu. Yeye hawezi kuharibisha kitu. Fundi njo anajibu juu ya ubao."

Mushagalusa akashuka. Alimpita Honoré, ambaye alikuwa bado ameshika mpini, unga umemjaa nyweleni na kwenye kope. Hawakutazamana. Ule ubao waliniletea mimi, nitengeneze rafu. Niliukagua kabla ya kuupiga randa. Alama za meno zilikuwa zimenyooka vizuri kabisa mpaka nusu ya ubao. Baada ya nusu ndipo zinaanza kwenda pembeni. Maana yake Honoré alikuja asubuhi ile akiwa na nia ya kuvuta vizuri, na pale katikati, unga ukimwingia machoni kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, alikumbuka sakafu yake ya saruji. Mnaweza kumhurumia mkitaka. Mimi huruma yangu ilikwisha zamani.

Jozi nyingi zilivunjika baada ya mitihani ile. Watu walishikana makoo, mmoja alimpiga mwenzake kichwani kwa kabari ya chuma. Bwana Kipimo aliamua kupanga upya, na kwa upole wake ule ule akamwuliza kila mtu wa chini anataka kufanya kazi na fundi yupi. Mushagalusa akasema, "Honoré."

Sote tulifikiri jambo moja, na nakiri nilifurahi. Nilijua sasa kila ubao wa Honoré utatoka umepinda kama mkia wa nguruwe, prime itakwisha, na Bagira wataihama kwa kitanda kichwani, safari hii akibebe mwenyewe. Honoré alijua pia. Siku ya kwanza alipanda kichanjani. Aliinua msumeno huku anasikiliza mpini, akisubiri.

Ubao ulitoka umenyooka, juu na chini. Wa pili vilevile. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha. Sijawahi kupokea mbao nzuri kama zile maishani mwangu. Mushagalusa alifika, akasalimu, akaingia chini, akavuta, akanawa macho, akaenda nyumbani. Hakusema naye neno lisilo la kazi. Na Honoré akawa anakonda. Kila siku alisubiri mkono upinde, na kila siku haukupinda. Prime yake ilipanda, Bwana Kipimo akamsifu mbele ya wote, akasema mnaona sasa, mtu akitambua faida ya jasho lake! Honoré alisifiwa akiwa ameinamisha kichwa.

Siku moja mchana, katikati ya gogo, Honoré aliachia mpini. Tulimsikia kiwanja kizima.

"Pindisha basi!" alilia kuelekea chini. "Pindisha, yaya! Pindisha tumalizane!"

Mushagalusa alipangusa uso kwa mkono. Macho yake yalikuwa mekundu, na la kushoto lilikuwa tayari limeanza kufunikwa na weupe. "Bwana alisema mutu ya chini hawezi kuharibisha kitu," akajibu. "Shika musumeno, fundi."

Jioni ile tulitembea pamoja kupanda Kadutu. Nilimnunulia kasiksi, ile pombe ya ndizi, kwa mama mmoja njiani, na nilishindwa kujizuia. Nikamwambia yeye ni mpumbavu. Nikamwambia anamtajirisha mtu aliyemwua, anajitoboa macho kwa ajili ya viti vya Euphrasie, na Adolphine anakoga tope. Nikamwambia mkono mmoja tu, ubao mmoja tu, mbele ya yule mzungu na mita yake, ungetosha. Nilipiga kelele mpaka yule mama wa pombe akatutazama.

Alikunywa kwanza. Hakuwa na haraka.

"Benoît," akaniambia, "nikipinda moja tu, miye na yeye tutakuwa sawa. Sitaki tukuwe sawa."